Vile utajifunza hulahupu bila kurudi nyumbani na nyonga nyeusi

Wacha niseme hii mapema: alama za kuumia kwenye nyonga si karo ya kujifunza hulahupu, ile ringi ya kuzungusha kiunoni. Karibu kila mtu anayeanza anaambiwa ati wiki ya kwanza lazima uumie, vumilia tu, ngozi itazoea, na mimi niliambiwa hivyo hivyo nikaamini. Niliumia ju ya vitu viwili tu, ringi mbaya na kucheza muda mrefu sana siku ya kwanza, na vyote viwili vingezuilika kama kuna mtu angenikalisha chini dakika kumi aniambie. Kwa hivyo chukulia hii ndio zile dakika kumi.

Ringi yangu ya kwanza niliagiza mtandaoni, ile ya vipande vipande unaunganisha, nzito, na ndani ina vinundu vya plastiki vinavyosemekana vinakanda tumbo. Nikaenda nayo juu ya ploti pale tunaanika nguo, huku Umoja, Nairobi, nikacheza dakika 40 ju nilikua nasikia raha. Usiku hakuna kitu. Asubuhi nikafunga mshipi wa suruali nikalia, na kwenye matatu kwenda tao kila tuta nilikua nalisikia kwa mfupa. Na ile kitu ilinichanganya ni kwamba kwa kioo sikuona chochote, ngozi yangu ni nyeusi na hio alama haikua imetokea, lakini nikipapasa kwa vidole nasikia pamekua pagumu kama embe bichi ndani ya ngozi. Weusi wenyewe ulitokea siku ya tatu. Ilikaa wiki mbili nzima.

Kwa hivyo kama ngozi yako ni kama yangu usingoje kuona rangi ndio ujue umeumia. Kila ukimaliza kucheza pitisha vidole kwa nyonga, mbavu za chini na mgongo karibu na figo. Pakiwa na uchungu au pamefura, hapo pameshaumia tayari.

Hatua ya 1: ringi yenyewe

Hapa ndio kazi kubwa iko na hapa ndio watu huharakisha. Simamisha ringi chini mbele yako, ukingo wa juu ufike kitovuni au uzidi kidogo. Kwa watu wazima wengi hio ni upana wa kama sentimita 95 hadi 105. Zile za rangi rangi za supamaketi ni za watoto, na asili yake ni hio, ju hulahupu za plastiki zilivuma Marekani mwaka 1958 wakati kampuni ya Wham-O ilianza kuziuza kama mchezo wa watoto. Ukiwa mtu mzima ukianza na hio utadhani una kiuno kibovu na shida si kiuno. Ringi ndogo inazunguka haraka sana, mwili haupati muda wa kuifikia. Ringi kubwa inazunguka pole pole inakungoja. Najua mtu huona kubwa akadhani ndio ngumu, lakini jaribu zote mbili siku moja utaona mwenyewe.

Uzito sasa. Nusu kilo mpaka gramu 700 hivi inatosha kabisa. Zile za kilo moja kwenda juu ni kweli zinakaa kiunoni kwa urahisi, na ndio maana zinauzwa sana, lakini fanya hesabu: ringi ya mita moja inazunguka kama mara 100 kwa dakika, kila mzunguko inakusukuma mahali pale pale, kwa hivyo dakika 40 ni kama mara 4,000. Kilo moja na nusu yenye vinundu, mara 4,000, juu ya mfupa wa nyonga ambao hauna hata nyama ya kuufunika. Hakuna ngozi itazoea hio. Vinundu kataa kabisa, hata upewe bure.

Mimi siku hizi nawaambia watu watengeneze yao, ni rahisi kuliko inavyosikika. Nenda hadwea yoyote mtaani uulize paipu nyeusi ya maji yenye mistari ya buluu, ile huuzwa ikiwa imeviringishwa roli. Hio tayari imezoea kupinda kwa hivyo itakubali duara bila kelele. Chukua ya milimita 25, ama 20 kama mwili wako ni mdogo, ukatiwe mita 3 na sentimita 15, hio itakupa upana wa mita moja hivi, na kwa ile ya 25 uzito unatoka karibu nusu kilo. Usichukue paipu ya kijivu ya bafu, hio ukiipinda inavunjika na inaacha meno. Alafu itisha jointi ya kuingia ndani ya paipu, kama zile za mabomba ya kunyunyizia shamba.

Nyumbani chemsha maji kwa sufuria. Tumbukiza ncha moja ya paipu kama dakika moja, itoe ukishika na kitambaa kinene, sukuma jointi ndani wakati bado ni laini. Rudia na ncha ya pili, na hapa fanya haraka ju ikipoa inakataa katikati na utabaki na pengo. Yangu ilikataa mara mbili, ya tatu nikaweka jointi kwa paja, nikasukuma na mikono yote miwili mpaka nikasikia imegonga mwisho. Ilale chini bila kuguswa mpaka ipoe kabisa. Kisha funga macho upitishe kidole mahali imeungana, polepole. Kidole kikikwama hata kidogo, hapo ndipo patakukwaruza kila mzunguko, kwa hivyo piga msasa mpaka kidole kipite. Maliza kwa kuzungushia tepu ya kitambaa kwa ndani ndio ishike nguo isiteleze, na kwa nje weka ile tepu ya rangi ya fundi wa stima kama unapenda urembo.

Watu wengine humwaga mchanga au mchele ndani iwe nzito. Usifanye hivyo ukiwa unaanza.

Hatua ya 2: nguo, na mahali

Toa simu mfukoni. Toa funguo. Toa mshipi. Jinzi yenye vifungo vya chuma iache nyumbani, ju ringi ikigonga kifungo, kifungo ndicho kinagonga mfupa. Leginzi za nailoni zinateleza sana, ringi inashuka na wewe unaanza kuikimbiza na nyonga kwa nguvu, na hapo ndipo unaumia. Pamba ndio nzuri. Tishati ya kubana iliyoingizwa ndani ya suruali, raba miguuni ju ringi itaanguka mara mia na itatua kwa vidole vya miguu.

Na kitu ambacho kilinisaidia kuliko vyote wiki za kwanza ni leso. Ikunje mara tatu au nne kwa urefu, ijifunge kiunoni kama kibwebwe, fundo likae mbele chini ya kitovu, kitambaa kifunike mifupa yote miwili ya nyonga. Mama zetu hujifunga kibwebwe wakicheza na sisi tunakitumia kama mto. Inashika ringi vizuri na inapunguza kugongwa. Ukizoea, kunjua tabaka moja moja mpaka siku utagundua hauihitaji.

Mahali: nyasi ndio bora, si ju ya wewe kuanguka, ju ya ringi. Ikianguka kwa simiti mara nyingi inapata mikwaruzo, na mikwaruzo hio inakua kama msasa kwa ngozi yako. Uhuru Park ni kuzuri, Arboretum pia ina nafasi na kivuli, ila huko usiache begi ya chakula chini wakati uko bize na ringi, wale tumbili wanaangalia. Uwe na kama mita moja na nusu kila upande bila mtu. Kama ni juu ya ploti angalia vitu vitatu: waya za stima, kamba za nguo, na ukuta wa pembeni. Kama ukuta ni mfupi usijaribu kurusha ringi hata siku moja, ju ikitoka orofa ya sita inaangukia mtoto wa mtu. Mvua ikinyesha tepu inateleza na nyasi zinateleza, acha mpaka pakauke. Na ile baridi ya Julai mwili unakua mgumu na kugongwa kunauma zaidi, pasha mwili moto muda mrefu kidogo, tembea haraka, ruka ruka, zungusha nyonga bila ringi kila upande.

Kabla sijaendelea, kuna watu ambao wangoje waongee na daktari kwanza: mama mjamzito, aliyejifungua majuzi hasa kwa upasuaji, mwenye ngiri, mwenye shida ya pingili za mgongo au mifupa dhaifu, na yeyote anayemeza dawa za kuzuia damu kuganda kama warfarin, ju huyo hata kugongwa kidogo kunaweza kutoka damu nyingi ndani.

Hatua ya 3: kiunoni

Weka mguu mmoja mbele, magoti yalegee kidogo, tumbo kaza kama mtu anataka kukugusa na mkono baridi. Ringi iguse mgongo wako kwa usawa wa kitovu, iwe sawa kama sahani, usiinamishe. Isukume kwa mikono yote miwili kwa nguvu ya kutosha, kisha mikono juu.

Sasa kosa la kila mtu, na nimeliona kwa kila mtu niliyewahi kumfundisha. Akisikia hulahupu anaanza kukata kiuno mizunguko mikubwa kama yuko kwa chakacha. Hapana. Jina la hula ni la densi ya Hawaii lakini ringi haitaki densi, inataka kusukumwa kidogo kwa wakati wake. Sukuma tumbo mbele, rudisha mgongo nyuma, mbele, nyuma, mwendo mdogo tu wa inchi chache, ukihamisha uzito kutoka mguu wa mbele kwenda wa nyuma. Ringi ikigusa tumbo ndio unasukuma. Ukikata mizunguko mikubwa, mfupa wa nyonga unaikuta ringi njiani kwa nguvu na hio ndio ngumi yenyewe.

Ikianza kushuka una sekunde moja hivi. Kunja magoti kidogo, ongeza kasi ya mbele na nyuma, geuka na mwili kuelekea upande ringi inaenda, itapanda. Kama imeshapita mfupa wa nyonga iache ianguke. Hii naomba uishike sana ju wengi wetu tuna kichwa ngumu, ringi iko kwenye paja na bado tunapigana nayo, na hapo inagonga mfupa kwa pembe mbaya. Iache. Okota. Anza tena. Kuokota ringi mara 50 ni mazoezi pia.

Binti wa jirani yangu wa floo ya tatu, ana miaka tisa, alikuja siku moja akasimama kando akiniangalia akasema, "Anti, mbona unaikimbiza? Ingoje ikuje." Alikua ameona kwa dakika mbili kitu kilichonichukua wiki mbili. Ringi inakuja yenyewe, wewe kazi yako ni kuwa pale ikifika.

Na kama mwenzako ameshika haraka na wewe bado, usijione mzembe. Kuna watafiti wa Chuo Kikuu cha New York walitengeneza viroboti vidogo vya maumbo tofauti wakavizungushia ringi, wakaona ringi inakaa juu vizuri kwa umbo lenye nyonga iliyotoka na kiuno kilichoingia ndani. Umbo lililonyooka kama mkebe linaiangusha. Kwa hivyo mtu aliyenyooka atahitaji kusukuma haraka zaidi na ringi kubwa kidogo, na kibwebwe kinene kinasaidia hapo pia ju kinakupa nyonga ya kuazima.

Muda: siku tatu za kwanza, dakika 5 tu kwa siku. Saa ikilia unaacha hata kama ndio imekubali. Kisha unaangalia na vidole kama nilivyosema. Kama hakuna uchungu siku ya nne panda mpaka 8, wiki ya pili 10 au 15. Kama kuna uchungu siku hio huchezi kiunoni, unaruka kwenda mazoezi ya mkono ambayo nitaeleza hapo chini, ju hayo hayagusi nyonga kabisa.

Hatua ya 4: upande ule mwingine

Kila mtu ana upande unaokubali haraka. Ule mwingine utajisikia kama unaandika na mkono usio wako. Fanya hata hivyo, kuanzia wiki ya kwanza, nusu ya muda wako. Ukicheza upande mmoja tu, ringi inagonga mfupa ule ule kwa mwelekeo ule ule, na mgongo unavutwa upande mmoja, alafu baada ya miezi unaanza kulalamika kiuno kinauma bila kujua sababu.

Hatua ya 5: geuka, tembea

Ukiweza kukaa na ringi dakika moja bila kuangusha, anza kugeuka na miguu midogo kuelekea upande ambao ringi inaenda. Utashangaa ringi inaonekana imepunguza mwendo, inakupa muda wa kufikiria. Kisha tembea, hatua fupi, mguu ukikanyaga wakati tumbo linasukuma. Hapa hakuna mengi ya kuumia, ila uangalie unakanyaga wapi.

Hatua ya 6: mkononi

Inua mkono mbele yako, kiganja kimefunguka, vidole vimenyooka pamoja, kidole gumba kimesimama. Ringi izunguke katikati ya gumba na kidole cha shahada. Usiishike, iache iteleze. Chora duara dogo na kifundo cha mkono, mkono wenyewe utulie.

Pale chini ya gumba ndio pataanza kuwaka moto. Dakika mbili kila mkono, badilisha. Toa saa, bangili na pete, pete hasa, ju ringi inaisukuma kwa mfupa. Kama ngozi imechubuka funga plasta na upumzike siku moja, usijikaze.

Hatua ya 7: kutoa kiunoni kupeleka juu ya kichwa

Hii ndio kila mtu anataka kujua ju ndio inaonekana ya ajabu, na hii ndio inavunja miwani na kupasua midomo. Ichukue polepole.

Kwanza fanya bila kuzungusha. Shika ringi iwe imekuzunguka kiunoni na mkono wako wa kushoto. Mkono wa kulia uingize katikati ya tumbo na ringi, vidole vikiangalia chini, kiganja kikiangalia mbele, mbali na wewe. Sasa pandisha mkono huo kupitia mbele, mbali na uso, mpaka juu ya kichwa, ringi ikining'inia kwa kiganja. Rudia mara kumi mpaka mkono ujue njia bila wewe kuuambia.

Sasa na ringi inazunguka. Sikiliza mdundo: ikigusa mgongo, pale mbele kunakuwa na pengo kubwa, na huo ndio mlango wako. Ingiza mkono wakati huo, vidole chini, kiganja nje. Ringi ikifika mbele itakukuta uko tayari, itaanza kuzunguka mkono badala ya tumbo, na hapo hapo unapanda, mkono ukienda mbele na juu kwa duara kama unachota maji na kumwaga juu. Mkono usikunje kiwiko. Kiwiko kikikunjika ringi inakuja karibu na uso, na hivyo ndivyo nilipata donge kwenye paji la uso. Kidevu kiinue kidogo nyuma, meno yafunge ndio usijiume ulimi.

Ukiona mkono wa kulia unakataa kabisa jaribu wa kushoto, kulingana na upande ringi inazunguka mmoja utakubali haraka kuliko mwingine. Na miwani toa. Hereni kubwa toa. Nywele ndefu za kusuka zifunge juu, ringi ikizishika inavuta kichwa chote.

Ukihisi imeharibika njiani usijaribu kuiokoa. Toa mkono, piga hatua moja nyuma, iache ianguke mbele yako.

Ukiumia hata hivyo

Mara ya kwanza niliumia mama yangu alikua amekuja kunitembelea. Alivyoniona nachechemea akaweka maji kwa jiko. "Njoo nikukande."
"Mama, ngoja kwanza, wanasema baridi."
"Nani wanasema? Mimi nimekukanda tangu ukiwa hivi."

Nilikandwa, na jioni palifura zaidi. Namheshimu mama yangu sana na maji moto yana wakati wake, lakini si siku ya kwanza. Alama ni mishipa midogo ya damu imepasuka chini ya ngozi, damu inavuja. Joto linafungua mishipa, inavuja zaidi. Kwa hivyo siku mbili za kwanza ni baridi: barafu iliyofungwa kwa kitambaa, dakika 10 mpaka 15, mara tatu nne kwa siku. Kama hauna friji nunua chupa ya maji iliyoganda kwa duka ukaizungushie leso. Usiweke barafu moja kwa moja kwa ngozi, inachoma. Usisugue kwa nguvu na usipake zile dawa za kuwasha. Baada ya siku mbili, kufura kukipungua, sasa mama akukande na maji ya uvuguvugu, hapo inasaidia damu kuondoka. Rangi itabadilika, iwe nyeusi, kahawia, iende kama kijani au njano kwa wenye ngozi nyepesi, na kwa kama wiki mbili imeisha.

Mpaka uchungu uishe ukigusa, hakuna ringi kiunoni. Kucheza juu ya alama ndio inafanya mtu akae na donge mwezi mzima.

Nenda hospitali kama pamefura na panaendelea kukua, kama tumbo lenyewe linauma ndani, kama mkojo una damu, kama mguu umeingia ganzi, kama alama haijaondoka baada ya wiki mbili, au kama unapata alama mahali ambapo hata haukugongwa.

Hatua ya 8: ya siku za kupumzisha nyonga, ringi kuelea

Hii naipenda kuliko zote. Mtu anaona ringi imesimama hewani mbele yako na wewe unaizunguka tu na mkono, na haigusi mwili kabisa. Chora duara ukutani kwa chaki ukifuata ringi yako, kitovu cha duara kiwe usawa wa kifua chako. Weka ringi juu ya mchoro, ishike pale chini kabisa, mahali namba 6 iko kwa saa ya ukutani. Sasa peleka mkono kufuata ule mstari, kwenda namba 9, namba 12, namba 3, urudi 6, ringi ikigeuka pamoja na mkono. Kama ringi imetoka nje ya chaki popote umekosea, rudi. Mara nyingi inatoka pale juu, ju watu hunyoosha mkono kupita mstari. Ushike kwa ulegevu, gumba na vidole viwili. Wiki moja ya hii mbele ya ukuta, kisha toka ukutani ufanye mbele ya kioo. Landilodi akiuliza chaki, inafutika na maji.

Hatua ya 9: magoti, kifua, shingo

Magoti: yabane pamoja, yakunje kidogo, sukuma mbele na nyuma. Mfupa wa mbele wa mguu hauna nyama kabisa, kwa hivyo vaa suruali nene au soksi ndefu za kuchezea mpira, na tumia ringi nyepesi. Dakika mbili zinatosha.

Kifua: mikono juu kabisa, la sivyo viwiko vitagongwa. Akina dada vaeni sidiria ya mazoezi ya kubana. Ringi ikae chini ya makwapa, na kusukuma ni kwa kifua, bega hadi bega.

Shingo: mimi siifundishi kwa mtu ambaye hajamaliza miezi mitatu. Mfupa wa mtulinga uko karibu sana na ngozi, na ndani ya shingo kuna mishipa mikubwa. Ukilazimika, ringi iwe ile ya milimita 20 isiyo na kitu ndani, chini ya gramu 400, mizunguko michache tu, na ukisikia kizunguzungu unaacha hapo hapo na unakaa chini.

Kuweka ringi

Usiitundike kwa msumari mmoja mahali jua linapiga, ile paipu inalegea na ringi inakua kama yai, na ringi ya yai inagonga ngumu upande mmoja. Ilaze chini ya kitanda ikiwa sawa. Kama imeshapinda, iweke juani kama nusu saa, ibonyeze kwa mikono mpaka irudi duara, kisha ilaze chini ya godoro usiku mmoja. Kila wiki pitisha kidole tena pale kwa jointi na kwa tepu. Tepu ikianza kuinuka ukingo, toa yote, weka mpya. Na kama unaenda nayo tao, ukiweza tengeneza yenye jointi mbili ndio uitoe vipande viwili, makanga hawezi kukubali kubeba ringi ya mita moja saa ya jioni.